Kibanda cha kuvizia bata kinachohama: jinsi ya kukijenga kwa shamba la mpunga lililojaa maji

Nimekulia Usangu kwenye majaruba ya mpunga, na kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kukaa juu ya dungu, kombeo mkononi, nikifukuza kwelea kwelea. Dungu hujengwa juu ili mlinzi aone mbali, na ndege wakimwona ndiyo heri, maana lengo ni waogope. Siku hizi naishi Arkansas, Marekani, na kila mwaka kabla ya msimu kufunguliwa mwishoni mwa Novemba naandaa kitu kilicho kinyume kabisa cha dungu: kibanda kifupi ndani ya jaruba, ambacho ndege akipita juu yake mara tatu bado aone ni mabua tu.

Sehemu ninayowinda ni nyanda za Grand Prairie, upande wa mji wa Stuttgart. Arkansas ndiyo inayotoa karibu nusu ya mpunga wote wa Marekani. Mashine za kuvunia zikishatoka shambani, wakulima wengi hufunga malango ya maji na kuyaacha majaruba yajae. Maji huozesha mabua, na punje zilizoanguka wakati wa mavuno huwa chakula cha bata wanaoshuka kutoka kaskazini wakifuata bonde la mto Mississippi. Wanaotafutwa zaidi ni malardi, wale ambao dume lake lina kichwa cha kijani kinachong'aa. Huku bata ni jambo kubwa kiasi kwamba Stuttgart imekuwa na mashindano ya kuita bata kwa filimbi tangu mwaka 1936.

Kibanda cha kudumu, kilichozikwa nguzo kwenye kingo ya jaruba, ni kizuri kwa wiki mbili za mwanzo. Baada ya hapo bata wameshakijua. Utawaona wanakuja wamejipanga vizuri, halafu wanapinda mita mia kabla yake kama vile kuna ukuta. Upepo nao haukai upande mmoja msimu mzima, na maji hupanda na kushuka. Kwa hiyo kibanda lazima kihame, na kihame kwa nguvu za watu wawili au watatu, bila trekta. Hilo ndilo lililoamua kila kipimo nitakachokupa hapa chini.

Nalisema hili kwa uchungu. Kibanda changu cha kwanza nilikijenga kama nyumba, chenye sakafu ya plaiwudi, kuta za plaiwudi na paa. Kilikuwa kizito, na sakafu bapa ililala kwenye matope kama kikombe cha kunyonyea. Januari ilipoisha tulikivuta watu wanne na hakikusogea hata shibri. Mzee mwenye shamba alitaka kutoa maji aandae ardhi, nikalazimika kukikata kwa msumeno palepale na kutoa vipande kwa mabega. Mzee hakunilaumu, ila aliniambia neno moja tu: mwakani leta kitu kinachoondoka.

Sheria kwanza, kwa sababu inagusa ujenzi

Bata wahamaji Marekani wanalindwa na sheria ya ndege wahamaji ya mwaka 1918. Mwindaji wa miaka 16 na kuendelea anahitaji leseni ya jimbo pamoja na stempu ya bata ya serikali kuu, iliyoanza mwaka 1934 na ambayo sasa ni dola 25. Tangu 1991 marisau ya madini ya risasi hayaruhusiwi kwa bata popote nchini, kwa kuwa ndege waliyameza wakila chini ya maji wakafa kwa sumu. Tunatumia marisau ya chuma. Bunduki isibebe zaidi ya risasi tatu kwa jumla. Saa za kupiga huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kuisha jua likizama. Idadi kwa siku, kwa misimu ya karibuni hapa Arkansas, ni bata 6, na kati yao malardi wasizidi 4, majike wasizidi 2. Soma kanuni za mwaka husika kila Novemba, zinabadilika.

Mambo mawili yanakuhusu wewe fundi. Kwanza, ni marufuku kuwinda kwenye chambo cha nafaka. Shamba lililovunwa kikawaida kisha likajazwa maji ni halali, na kufunika kibanda kwa mabua ya mazao ni halali pia, lakini mradi kufunika huko kusimwage punje. Yaani ukifunga mabua ya mpunga yenye masuke ambayo bado yana punje, na punje zikadondoka mbele ya kibanda, umeweka chambo. Haijalishi kwamba hukukusudia. Pili, hairuhusiwi kujificha ndani ya chombo kinachoelea chenye shimo la kumweka mwindaji chini ya usawa wa maji. Ndiyo maana kibanda hiki kinakaa juu ya tope na hakizamishwi.

Kama uko nyumbani Afrika Mashariki, kumbuka kwamba Kenya ilifunga uwindaji wa burudani mwaka 1977, na Tanzania huwindi bila leseni. Lakini ujenzi ni uleule kwa mwenye kamera, na bata hatajua tofauti.

Vipimo na sababu zake

Kibanda ni cha watu wawili na mbwa mmoja. Urefu futi 8, yaani mita 2.44. Upana chini mita 1.2. Kuta mbili ndefu zinaegemeana kwa ndani na kuacha uwazi wa sentimita 60 juu. Hakuna sakafu. Mnakaa kwenye benchi, miguu ndani ya maji, mmevaa suruali za mpira zinazofika kifuani. Watu wengi wanataka sakafu ili wakae pakavu, na mimi nilitaka hivyo pia. Lakini sakafu lazima iwe juu ya maji, benchi liwe juu ya sakafu, na vichwa vyenu juu ya benchi; unaishia na mnara. Bila sakafu, ukuta unaishia kama mita 1.27 kutoka kwenye tope. Kwenye maji ya sentimita 20, kinachoonekana ni zaidi kidogo ya mita moja, na hiyo inafichika kwenye kingo ya jaruba yenye magugu.

Unahitaji mbao mbili za 2 kwa 8 (ni inchi, kwa jina la dukani; zenyewe huwa pungufu kidogo) zenye urefu wa futi 8, mbao tano za 2 kwa 4 za futi 8, na mbao moja ya 2 kwa 10 ya futi 8 kwa ajili ya benchi. Chagua zilizotiwa dawa kwa zile za chini tu. Mbao za dawa ni nzito, na juu huko hazina kazi. Kisha paneli moja ya waya mgumu wa zizi la ng'ombe, ile inayouzwa kwenye maduka ya wakulima ikiwa na urefu wa futi 16 na kimo cha inchi 50. Mabomba mawili ya chuma chepesi ya kupitishia nyaya za umeme, ya futi 10. Kitambaa cha gunia cha kutosha kuta zote. Pipa kuukuu la plastiki la lita 200, lililokuwa la sabuni au chakula, si la dawa za shambani. Nondo nne za mita 1.2, bolti zenye nati na washa pana, skrubu zisizoshika kutu, waya wa kufungia, na kamba imara ya mita 15.

Angalia jinsi vipimo vinavyopatana. Paneli ya futi 16 ukiikata katikati unapata kuta mbili za futi 8 kamili. Bomba la futi 10 ukilikata futi 8 la kukaza ukingo wa juu wa ukuta, kinabaki kipande cha futi 2, na hicho ndicho sentimita 60 za kutenganisha kuta juu. Hutupi kitu.

Nyayo

Mbao mbili za 2 kwa 8 ndizo nyayo za kibanda. Zinalala bapa kwenye tope, si kusimama kwa ubavu. Kila moja ina upana wa sentimita 18 hivi, kwa hiyo zote mbili zinakanyaga karibu mita ya mraba moja kasoro kidogo. Piga hesabu: kibanda changu kina kilo 100 hivi kikiwa na mabua yake, tukikaa watu wawili tunafika kilo 280. Uzito huo umegawanyika kwenye nyayo hizo. Mtu mmoja wa kilo 90 aliyesimama kwa mabuti mawili anaigandamiza ardhi zaidi ya mara nne ya hapo. Ndiyo maana wewe unazama hadi kwenye vifundo vya miguu, kibanda kinabaki juu.

Chonga ncha zote mbili za kila wayo kwa chini, kwa mteremko wa sentimita 12 hivi, kibanda kiweze kuvutwa mbele na nyuma. Kisha lichukue pipa. Likate kwa mzunguko, upate mikanda ya upana wa sentimita 18. Plastiki hiyo tayari ina mpindo wake wa asili, na mpindo huo ndio unaoutaka. Pigilia mkanda chini ya wayo kwa skrubu ambazo vichwa vyake vimezamishwa kabisa, na uache sentimita 30 za mwisho zipinde juu mbele kama pua ya ngalawa. Funga ncha yake kwa waya kwenye nguzo ya mbele. Pua hiyo inapanda juu ya visiki vya mpunga badala ya kuvilima. Nilikaa msimu mzima bila pua, na kila tulipovuta tulikuwa tunakusanya mlima wa matope mbele yetu.

Fremu

Kata nguzo sita fupi za 2 kwa 4, kila moja sentimita 36. Tatu zinasimama kwenye kila wayo: mbele, katikati, nyuma. Zisimamishe sentimita 10 kutoka ukingo wa nje wa wayo, si ukingoni kabisa. Utaona sababu muda si mrefu. Zifunge kwa vyuma vya pembe, bolti zipite wayo mzima, vichwa vyake vizamishwe kwa chini.

Kata mihimili mitatu ya mita moja kamili. Kila mhimili unaunganisha nguzo ya wayo mmoja na ya wayo mwingine, juu kabisa, kwa bolti mbili kila upande. Usitumie misumari. Fremu hii itatikiswa na kupindishwa kila mara unapoinasua kwenye tope, na msumari unalegea wiki ya kwanza. Chini ya mihimili kunabaki uwazi wa zaidi ya sentimita 25, ambapo maji na mabua hupita unapovuta. Ukiweka mhimili chini karibu na tope, umetengeneza jembe.

Kila upande weka mbao mbili za mshazari kati ya nguzo, na kwenye kona nne weka pembetatu ndogo za plaiwudi. Halafu shika mhimili mmoja utikise kwa nguvu zako zote. Ukisikia kulia, kaza. Usiende mbele mpaka kunyamaze.

Benchi la 2 kwa 10 linalala juu ya mihimili, ukingo wake wa nyuma ukiwa sentimita 15 kutoka mwisho wa mihimili. Ukilisogeza nyuma zaidi, ukuta unaoegemea ndani utakusukuma mgongo asubuhi nzima. Lishike kwa bolti zenye nati za masikio zinazofunguka kwa mkono, maana utalitoa wakati wa kupakia kwenye tela.

Kuta

Kata paneli kwa mkasi wa kukatia nondo, ukivaa miwani. Waya huu ukikatika huruka. Saga ncha zote zilizobaki kwa tupa. Ncha moja tu ya waya inatoboa suruali ya mpira, na maji ya Desemba huku huwa karibu na barafu. Pulizia waya rangi ya kahawia isiyong'aa, kwa sababu mabati mapya humeta jua likitoka.

Sasa ndipo ile sentimita 10 inapofanya kazi. Ukingo wa chini wa ukuta unakaa juu ya wayo, kwenye ukingo wake wa nje. Ukuta unaegemea ndani na kugusa mwisho wa mhimili, ambao umeingia sentimita 10 ndani. Ufunge kwa waya sehemu zote mbili, chini kwenye wayo na juu yake kwenye mihimili, na mlalo wake umejipata wenyewe. Kwa kuwa umeshikwa sehemu mbili, hauwezi kuanguka ndani wala nje. Weka bomba la futi 8 kwenye ukingo wa juu, lifunge kila sentimita 30, kisha weka vile vipande viwili vya futi 2 kila mwisho kutenganisha kuta, na cha tatu cha mti katikati, kati ya wawindaji wawili. Kipande cha katikati kina kazi nyingine nitakayoieleza kwenye usalama.

Gunia linafungwa upande wa ndani wa waya, likaze. Kazi yake ni kuzuia mwanga usipenye. Bila gunia, jua la asubuhi likiwa nyuma yenu, bata wanaona vivuli vya miguu vikisogea. Ncha mbili za kibanda zifunike kwa gunia linaloning'inia kama pazia. Upande mmoja ndio mlango wenu, mwingine wa mbwa.

Mabua

Hapa chukua muda. Fremu nzuri yenye mabua mabaya ni bure, na fremu ya kawaida yenye mabua mazuri inaua.

Kata mabua kwenye shamba lilelile utakalowinda, kabla halijajazwa maji, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Chagua yaliyobaki baada ya mashine kupita, yasiyo na masuke. Pitisha kila konzi mkononi, uipigepige juu ya turubai nje ya shamba. Punje zikidondoka, iache. Changanya na magugu ya kwenye kingo, yale ya kahawia iliyofifia, kwa sababu hakuna kingo ya jaruba yenye rangi moja.

Waliokulia kwenye nyumba za nyasi wataona jambo la ajabu hapa. Tunapoezeka paa tunaanzia chini kupanda juu, ncha za nyasi zikiangalia chini ili mvua iteleze. Kibanda hiki ni kinyume chake. Mabua lazima yasimame kama yalivyoota, ncha juu. Kwa hiyo unaanzia mstari wa juu kabisa na kushuka. Shika konzi ya unene wa mkono wa mtoto, funga shina lake kwenye waya kwa mafundo mawili, ncha zake zipite ukingo wa juu kwa sentimita 25. Jaza mstari wote. Kisha shuka sentimita 20 na uanze mstari mwingine. Ncha zake zitaficha mafundo ya mstari wa juu. Endelea hivyo hadi mstari wa mwisho unaogusa maji.

Usibane sana wala usipange kama ufagio. Asili haina mstari ulionyooka. Acha konzi moja ndefu hapa, moja iliyovunjika pale, na kwenye ukingo wa juu usiruhusu mstari wa kukatwa kwa mkasi, kwa sababu hapo ndipo macho ya bata hutua kwanza. Zile sentimita 25 za juu ndizo zitakazoficha nyuso zenu. Mkikaa, macho yanaishia karibu na ukingo wa ukuta, mnachungulia kati ya mabua.

Kwa juu, tengeneza vifuniko viwili vyepesi vya waya mwembamba na mabua, kila kimoja juu ya mtu mmoja, kilichofungwa ukingo wa nyuma kwa kamba ili ukisimama kisukumike nyuma. Bata wanazunguka juu kabla ya kutua, na kutoka huko uso wa mtu ni kama sahani nyeupe ndani ya shimo jeusi. Hata uso wa mtu mweusi humeta ukiwa na jasho au mafuta; vaa kitambaa.

Ukimaliza, chota matope ya shamba kwa ndoo uyapake mbao zote zinazoonekana. Halafu nenda mita 80, piga magoti, ukitazame. Rudi saa tisa alasiri ukitazame tena, kwa kuwa kivuli hubadilika. Mahali penye weusi wa mraba, ongeza mabua.

Mbwa anahitaji kijukwaa chake nje ya pazia, sentimita 45 kwa 60, juu kidogo ya maji, kilichobanwa kwenye nguzo. Mfunike naye kwa mabua kidogo. Mbwa akikaa ndani ya maji ya baridi kwa muda wa saa tatu, hatamaliza msimu.

Kukiweka

Bata hutua akiukabili upepo. Hilo ndilo la kwanza kuangalia, kabla ya jua, kabla ya kingo. Vitabu vingi vya wawindaji hukuambia upepo uwe mgongoni kwako, bata waje uso kwa uso. Mimi napendelea upepo unaovuka, kutoka kushoto kwenda kulia au kinyume chake. Upepo ukiwa mgongoni, bata anapokuja anakutazama wewe moja kwa moja kwa dakika nzima. Ukivuka, anatazama mahali pa kutua, na kibanda kiko ubavuni mwake. Jua likiwezekana liwe nyuma yenu.

Kiegemeze kwenye kingo ya jaruba yenye magugu. Usikiweke katikati ya maji meupe hata kama bata wako pale; sogea kwenye kingo ya karibu. Maji ya sentimita 15 hadi 30 ndiyo malardi wanayapenda, maana wanakula kwa kuzamisha kichwa na kuinua mkia. Panda nondo kwenye kona nne, zipite pembeni mwa nyayo, uzifunge. Upepo wa usiku unaweza kukipindua kibanda chepesi. Funga utepe wa rangi kwenye kichwa cha kila nondo, uufunike kwa mabua mkiwa mnawinda.

Bata bandia, wale wa kuwavutia bata halisi, wapange makundi mawili, katikati uache uwazi wa mita 10 hadi 15 mbele yenu. Huo ndio mlango wao. Yule wa mbali kabisa mweke mita 35, awe kipimo chako: aliye nje ya hapo hapigwi, kwa sababu atajeruhiwa na kwenda kufia mbali.

Kukihamisha

Usivute kwa nguvu kwanza. Tope limeshika nyayo kwa kunyonya, na ukivuta moja kwa moja unapigana na mfyonzo huo wote kwa mara moja. Tia mti mrefu chini ya wayo mmoja, nyuma, uunyanyue kidogo. Utasikia sauti ya maji yakiingia chini yake, kama mtu anayenyonya uji. Ni sauti hiyo unayoisubiri. Fanya hivyo kwa wayo wa pili. Kibanda kikishaelea kwenye utando mwembamba wa maji, ndipo mvute.

Kamba ifungwe kwenye nguzo mbili za mbele, si kwenye mhimili, iungane mbele mita 3 katika umbo la V, ili mvuto ugawanyike sawa. Watu wawili wanaweza kwenye maji ya sentimita 20. Kwenye tope tupu itabidi muwe watatu au mtumie pikipiki ya magurudumu manne. Mnyooke, msikate kona kali. Kwenye kingo ya jaruba msivute juu yake hata siku moja. Kingo ikikatika, maji ya mkulima yanakwenda, na ruhusa yenu inakwenda nayo. Vueni kuta na benchi, bebeni fremu juu kwa mikono.

Hamisheni mchana wa kuamkia siku ya kuwinda, baada ya bata kuondoka kwenda kulala, au usiku. Mkihama wakati bata wako shambani mmewafundisha. Mimi nahama upepo ukigeuka au baada ya kuwinda siku tatu mahali pamoja, hata kama siku ya tatu ilikuwa nzuri. Asubuhi yenye barafu, vunja barafu kuzunguka nyayo zote kabla ya kugusa kamba, la sivyo utang'oa plastiki.

Usalama

Bunduki hazina risasi mkiwa mnahama, mkiingia na mkitoka. Ndani, kila moja inasimama kwenye kishikio chake, mdomo juu, mmoja kila upande wa kile kipande cha katikati. Kipande hicho ndicho mpaka: wa kushoto hapigi kulia kwake, wa kulia hapigi kushoto kwake. Mmoja tu ndiye anayesema "piga," na mbwa akiwa nje hakuna anayeshusha bunduki chini kufuata bata aliyeruka chini.

Funga mkanda kiunoni juu ya suruali ya mpira, ukianguka isijae maji. Na usiingize jiko la gesi humo ndani. Mmezungukwa na mabua makavu pande nne, miguu iko kwenye tope, mlango ni pazia moja. Vaeni sufu ya kutosha, mbebe chupa ya chai.

Msimu ukiisha

Siku 60 za msimu zikimalizika mwishoni mwa Januari, toa kibanda wiki hiyohiyo, maji yakiwa bado yapo ya kukitelezesha. Vua mabua yote uyapeleke mahali mzee wa shamba atakapokuonyesha. Gunia lioshe, likauke. Kagua plastiki ya nyayo kama skrubu zimetokeza. Kisha hesabu nondo kabla hujawasha gari: ziwe nne mkononi, kwa sababu iliyosahaulika topeni, ikipatikana, itapatikana na tairi la trekta mwezi wa tatu.